Juma la Kumi na Nne

Tairi la nyuma limeliwa katikati,
pembeni bado lina meno ya ujana.
Ndivyo inavyokula barabara iliyonyooka:
Tabora hadi Nzega, kona ni za kuhesabu,
na hizo chache nimezipita wima
kama shahidi mahakamani.

Pikipiki yenyewe ni nzito. Kilo mia tatu na arobaini
kabla Kalunde hajapanda na mkoba wake.
Vijana wa boda pale Cheyo huiita Behewa;
husogea, huuliza inakunywa lita ngapi,
wakijibiwa hunitazama
kama mtu aliyeongeza mke uzeeni.

Kanyenye, kwa Lusangija,
matairi ya boda yamening'inia mlangoni, bangili za jitu.
"Ya kwako, mzee, hayaning'inizwi."
Akazama stoo, akarudi akibingirisha matatu.

La kwanza gumu. Akaligonga kwa spana, likalia ko.
"Hili litakupa kilomita elfu ishirini na ushee.
Ila siku ya mvua, mwombe Mungu wako."
La pili laini, kucha inaacha alama.
"Hili linashika kama kupe.
Ila elfu kumi, kumi na moja, kwisha habari yake."
La tatu akalisifia bei tu.

"Mnapanda wangapi?"
"Wawili," nikasema.
"Na ndoo mbili za asali tukitoka Sikonge," akasema Kalunde,
ambaye alikuwa ameshachuchumaa,
kidole gumba kikipita ubavuni mwa mpira
kama anayekagua pindo la nguo aliyoishona mwingine.
Sabini na saba, akasoma, haitoshi.
Themanini: kilo mia nne na hamsini. Inatosha,
"na mume wangu akipunguza ugali, chenji inabaki."

Kisha akaligeuza la tatu, akapangusa vumbi kwa khanga.
Tarakimu nne ndani ya kijidirisha cha umbo la yai:
moja, nne, moja, saba.
Juma la kumi na nne, mwaka wa kumi na saba.

Nikalishika. Vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama,
halijawahi kukanyaga hata sisimizi.
Lakini ulipolibinya mdomo zikatokea nyufa,
nyembamba, za kisigino cha kiangazi.
"Halijatembea hili," nikalitetea.
"Limekaa," akasema Lusangija, sasa akiona haya.
"Mpira ukikaa nao huzeeka, mzee.
Pengine kuliko uliotembea."

Nikanyamaza.
Miaka thelathini na moja nilikaa dirishani stesheni,
nikawakatia watu Kigoma, nikawakatia Mpanda, Mwanza,
filimbi ikalia, nikahesabu chenji.
Makalio yangu yanakijua kile kiti
kuliko miguu inavyoijua nchi.

"Gumu litadumu," Lusangija akarudi kwenye biashara.
Litadumu, ndiyo. Kwa mwendo wetu elfu ishirini
ni miaka saba. Nina sitini na nane.
Nikamtazama Kalunde. Yeye alitazama upande wa Ipuli,
wingu la Novemba limeanza kuvimba,
akajibu kama fundi cherehani:
"Kitambaa cha kudumu ni cha sare.
Sisi shule tulishamaliza."

Tukachukua laini.

Kafuku aliyelifunga akanionya:
"Kilomita mia za kwanza nenda kama bwana harusi.
Jipya huteleza."
La zamani nikampelekea mshona katambuga wa Gongoni.
Akalilaza, akalipima kwa shubiri.
Kati hapafai, akasema, pameisha.
Ila pembeni huku, pazima kabisa hapa,
patatoka jozi tatu.

Basi kuna watu watatu mjini hapa
watakaotembea, asubuhi hadi jioni,
juu ya kona nilizoogopa kulala.