Msoma Kipimo wa Luiche

Alfajiri nateremka, tochi mdomoni, daftari kwapani,
suruali nimeikunja magotini,
nausoma mti wa mistari waliousimika darajani:
moja nukta nne sifuri. Naandika.
Jioni narudi. Moja nukta nne mbili. Naandika.
Miaka kumi na tisa, masika na kiangazi,
siku niliyooa, siku niliyomzika kaka yangu Ntiruka,
mto haukukosa kuitika jina lake.

Sikujua namba zangu huenda wapi.
Nilidhani hulala kabatini huko mjini, na mende.

Akaja mhandisi, Editruda Buchumi,
akaweka kompyuta yenye ufa juu ya gunia la mpunga:
“Baba, mto wako huu.”
Na kweli. Luiche wote ulikuwa humo,
umekatwa vipande vipande kama kashata,
kila kipande na kimo chake, na ukwaru wake;
matete huyapunguzia maji mwendo,
ardhi tupu huyapa miguu.
Akazimimina juu namba zangu, zile za tochi mdomoni,
na buluu ikaanza kutambaa.

Palipokuwa na tuta,
tuta letu, tulilolijenga kwa mikono yetu
mwaka ule wa mpunga, kuufungia mto nje kama mbwa,
buluu ilikosa pa kupumzikia,
ikakimbia hadi Ujiji, ikaingia majikoni.
Akalifuta tuta kwa kidole.
Akaurudishia mto kona zake tatu. Akapanda mafunjo.
Buluu ikapanuka, ikachoka, ikalala.
“Imelala wapi?” nikauliza.
Hakujibu upesi.
Kidole chake kilikuwa juu ya shamba langu.

Ekari mbili.
Kwenye ramani, kashata nne.

Tulibishana vikao saba. Fidia ikaja, pungufu kama fidia.
Tuta tulilibomoa wenyewe tuliolijenga,
na mwaka wa pili mafunjo yalinipita kimo.

Kisha Aprili.
Tatu nukta moja. Tatu nukta sita.
Usiku wa tatu mti wenyewe ukazama,
nikaandika: Sioni.
Maji yakapita yalipochorewa,
yakalala yalipotandikiwa,
Ujiji ukaamka mkavu, ukalalamikia bei ya sukari.
Ila nyumba sita nyuma ya zahanati.
Buluu ilisimama hatua mia kabla yake.
Maji hayakusimama.
Cherehani ya Bi Tausi tuliikuta juu ya mpera.

Editruda akaja na buti, macho mekundu.
“Nimekosea wapi?”
Nikampeleka kwenye shimo la wafyatua matofali,
walilolichimba ramani ikiwa imeshachorwa.
“Ulilijua?”
“Nililijua.”
“Mbona hukusema?”
“Uliniomba namba.”

Akakaa juu ya tanuri lililomeguka. Akanyamaza sana.
Kisha akaomba daftari langu, akafungua nyuma,
akachora shimo. “Kina chake?”
Nikaingia. Maji yakanifika kifuani.
Nikamwambia.

Sasa daftari lina safu ya tatu, kwa mwandiko wake: Mengineyo.
Naandika humo kalavati lililozibwa na viroba,
njia mpya ya ng'ombe, tanuri lililohamia ng'ambo.
Leo alfajiri: moja nukta tatu nane.
Mengineyo:
bata mwitu wanane, na makinda,
kwenye kashata ya tatu.