Pambizo

Miaka thelathini na moja nimeandika kuta za Buguruni.
Saluni, genge, "Leo Hakuna Mkopo".
Mkono wangu hujua upana wa neno
kabla futi haijafunguliwa.

Kwa hiyo neno lilipokatika ukingoni,
MAMA TUNU CHAKUL,
nilisema ubao ulikuwa mfupi.
Mama Tunu akacheka, akalipa,
akamwita kijana aongeze A kwa chaki.

Bodaboda zikawa zinazaliwa begani kwangu.
Hazitoki popote; zipo tu, pamoja na matusi yake.
Nikawalaani madereva.
Glasi ya chai niliigonga kila asubuhi upande uleule,
nikailaani meza.

Maumivu, hakuna. Wekundu, hakuna.
Nilidhani jicho bovu hujitangaza,
kama la marehemu mama, lililotanda ukungu mweupe.
Mtoto wa jicho, tulisema. Uzee, tulisema,
tukamwacha awatambue wajukuu kwa kuwapapasa.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi binti yangu Sikudhani aliniambia mara tatu.

Ukutani pale hospitali palikuwa na bango.
Nikalikagua kifundi: herufi E tupu,
moja imelala, moja kichwa chini,
zinapungua ukubwa na neno halikamiliki.
"Nani kawaandikia hili?" nikamuuliza nesi.
Nikazitaja zote mpaka mstari wa chini,
nikanyanyuka kuchukua kofia.

"Kaa, mzee. Hiyo ni katikati tu."

Chumba cha giza. Kidevu juu ya chuma,
kitufe mkononi. "Ukiona nukta, bonyeza."
Nikangoja nukta.
Feni ililia kwee, kwee.
Nikangoja.
Taa ilipowashwa, niliusoma uso wa nesi:
nukta zilikuwa zikipita muda wote.

Presha ya macho, akasema daktari.
Haibishi hodi. Huanza kula pembeni, kama mchwa,
hufika sebuleni nyumba imeshakwisha.
Kilicholiwa hakirudi, kilichobaki tutakilinda.
Siku hiyohiyo wakampima na Sikudhani, maana hurithiwa.
Nikauliza habari ya ukungu wa mama.
"Ule? Ule ungetolewa asubuhi moja."

Asubuhi moja.
Njia nzima ya kurudi sikusema neno.

Sasa ni matone, saa tatu ya kila usiku,
na kila miezi minne narudi kuzingoja nukta.
Kabla ya kugusa ubao
nageuza kichwa chote, kushoto, kulia,
kama mtoto aliyefundishwa kuvuka barabara,
kisha napiga mistari miwili ya penseli
mahali rangi isipite.

Jana nilikwenda kwa Mama Tunu na kopo la nyekundu.
Nikaifuta ile A ya chaki, nikaandika yangu. Sikumtoza.
"Macho ulipima lini?"
Akasema anaona vizuri kabisa.
Nikavuta benchi,
nikaanza kumweleza habari za nukta.