Hela za Mpunguzi

Kumi na moja. Chedego alizihesabu mara tatu
jembe likiwa bado limeng'ang'ania kigae cha chungu,
na shimo la nguzo ya mizabibu likingoja nguzo yake.
Nyeusi, za kijani, mbili zimegandana kama pipi mfukoni.
Akasema: hela.
Neno tunalolitaja kila siku, kwa nauli, kwa chumvi.
Siku hiyo tukaona lina uso, lina taji.

Ya kwanza aliiua yeye mwenyewe, kwa mapenzi:
nusu ya ndimu, jivu la jikoni, stilwaya,
akasugua kama anayepambana na ukoko wa ugali.
Ikang'aa. Aa, ilivyong'aa!
Taji likaondoka. Mwaka ukaondoka.
Akabaki na kibati cha mviringo
kisichojua kimetoka wapi.

Kumi zilizobaki nikamnyang'anya.

Nilimwambia yeye, na wewe nakwambia,
wewe unayechimba choo, au msingi, au shimo la taka:
usiisugue.
Maji ya bomba la hapa usiyaguse,
unayajua, chai yake inaonja chumvi kabla ya sukari,
na chumvi ndiyo inayoila shaba kimyakimya
hadi itoe unga wa kijani kwenye vidonda.
Mimi nilikinga ya mvua, ile ya Januari iliyotutembelea mara nne tu,
nikazilaza kila moja na kikombe chake;
rupia ya fedha peke yake kabisa, kama mgeni wa heshima.
Siku ya kwanza maji yakawa chai ya rangi.
Ya tatu, mkojo wa mbuzi.
Ya tisa niliuona uso wangu.

Kijiti cha mswaki nilikitafuna hadi kikatoa nyuzi laini,
nikapita nacho kwenye herufi, pole, pole,
udongo mwekundu ukitoka punje kwa punje.
Zile mbili zilizogandana sikuzibandua.
Chedego alileta kisu.
Nikamtazama.
Akakirudisha.

Nani alizifukia? Labda kodi ya kibanda, iliyofichwa isilipwe.
Labda mjenzi wa reli aliyekunywa kidogo kuliko wenzake.
Sijui, na sarafu haisemi.
Ila upande mmoja umelika zaidi,
na kidole gumba changu kilipotua
kilitua hapohapo.

Nilizikausha kwa kipande cha kanga kuukuu,
kwa kugusa, si kwa kufuta.
Ule ukahawia nimeuacha.
Ardhi imeufuma miaka mia na ushee;
mimi nani niuite uchafu?

Mizabibu imeshashika nguzo.
Zangu ziko kumi, kila moja na bahasha yake ya karatasi,
juu ya kabati, mbali na mvuke wa jikoni.
Ile iliyong'aa Chedego anatembea nayo.
Watu wanaigeuza, wanaigeuza tena,
wanamuuliza ni ya nini.
Anasema: ilikuwa hela.