Viti Arobaini

Saa tisa usiku luku inalia,
pii, pii, pii, uniti zinaishia,
na moyo unaitikia kabla mimi sijaamka.
Mabibo kimya. Friji la duka la Mama Chausiku linakoroma
nyuma ya ukuta, kama mume wa mtu.
Nalala chali nikipiga hesabu:
nimelala saa nne, sasa saa tisa, hiyo ni saa tano.
Tano si mbili.
Tano si dalili.
Au nimeamshwa na mlio tu,
au yule amerudi?

Yule mimi simwiti kwa jina.
Daktari analo, kaliandika kwenye kadi ya njano: baipola.
Nyumbani tunasema “kipindi kile”.
Kipindi kile nililala saa mbili mbili kwa siku nane,
nikapiga simu mpaka kwa waliokwisha nifuta,
nikaenda Kariakoo kukopa viti arobaini,
vya plastiki, vya bluu,
nifungue chuo uani, kati ya simtanki na kamba ya nguo.
Chuo cha nini?
Nilijua. Naapa nilijua.
Halafu sonona ikanilalia kifuani miezi minne
na viti vikabaki vimebebana hadi darini,
vikinitazama.
(Viti havina macho. Hilo nalo nalijua.)

Watu hudhani ninaogopa kulia.
Kulia nimezoea, najua mlango wa kutokea.
Mimi naogopa kucheka.
Juzi Sikudhani kanisimulia kuku wa jirani
aliyetagia ndani ya helmeti ya bodaboda,
na mwenye helmeti akaivaa.
Nikacheka, nikacheka, nikaendelea kucheka,
kisha nikasimama katikati ya kicheko
kama aliyekanyaga maji gizani:
ndoo imemwagika tu,
au bomba limepasuka?
Sikudhani naye akanyamaza.
Akaitazama mikono yangu kama inatetemeka.
Bora ugonjwa, kuliko dada yako
kukipima kicheko chako kwa jicho.

Sista Eutropia wa kliniki,
yule anayeupata mshipa kwa sindano ya kwanza,
aliniambia huku akibandika pamba:
“Wasiwasi huo ni mgeni.
Siku mbili mkaribishe, siku ya tatu mpe jembe.”
Nikamwambia sina shamba, sista.
Nina viti.

Basi natoka uani na tochi ya simu,
miguu peku, saruji baridi inaninywa nyayo.
Nahesabu.
Kimoja, navuta pumzi.
Viwili, naitoa.
Hiki kimeungua sigara, kilitoka kwenye arobaini ya Kigogo.
Hiki kina hina mkononi, harusi ya mtoto wa Mzee Nassoro.
Hiki kimevunjwa mguu na mjomba aliyecheza kupita umri wake.
Mia tano kwa kiti kwa siku, deni nimelimaliza Machi.
Usiku mwingine napotea kwenye kumi na mbili,
naanza upya, napotea tena,
kifua kinajaa, vidole vinakufa ganzi,
narudi ndani namtikisa Sikudhani: nihesabie.
Anahesabu macho yamefumba, sauti ya usingizi,
na siku zote anaruka ishirini na mbili.
Simsahihishi.
Nalala nikiingojea ishirini na mbili isiyokuja.

Leo nimefika. Thelathini na saba.
Vitatu havikurudi kutoka msibani Manzese,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sijavikimbilia.
Naingiza tokeni, tarakimu ishirini, polepole,
kama mtu anayevalisha mtoto mchanga shati.
Mlio unakata.
Wasiwasi haujakata. Umekaa tu.

Saa moja asubuhi simu inaita,
mwanamume wa Kigogo, ana sherehe Jumamosi,
anataka viti vyote, vyote nilivyonavyo.
Nimeshameza vidonge, chai inapoa,
jua limeanza kushika bati.
“Thelathini na sita,” namwambia.
“Mbona nilisikia thelathini na saba?”
“Vipo.
Kimoja kina mtu.”