Kitu Kisicho na Alama

Jumapili ndiyo mosi yetu.
Saa mbili asubuhi, kiatu kimoja bado kina maji ya mvua ya jana,
nakaa mbele ya Batya wa Manchester na mafua yake,
katikati yetu ukurasa wa Kiaramu
usio na nukta, wala mkato, wala huruma.

Mwezi mzima tuko kwenye vitu vilivyopotea:
aliyeokota akae nacho, au atangaze?
Kikiwa na alama, tangaza.
Kisipokuwa nayo, mwenyewe ameshakata tamaa; ni chako.
Batya hupiga meza. "Nani kakwambia amekata tamaa?
Ulimuuliza?"
Hubishana hata na kivuli chake, yule,
na mimi, niliyekuja Yerusalemu na Kiebrania cha pakiti za biskuti,
hujibu kwa mikono.

Jumatatu, vivyo hivyo.

Jumanne ni zamu ya karoti.
Jiko la Bwana Pinhas hulisha watu mia mbili na ushee,
naye hajali umetoka Montevideo au mbinguni:
"Menya kuelekea nje, binti. Vidole havichipui."
Kuna mzee huja na bakuli lake mwenyewe, la maua ya buluu.
Huinusa supu, husema, "Chumvi,"
kisha huondoka nayo.
Juma asilokuja nashinda nikitazama mlango.

Jumatano haina la kusimulia.
Nilifua. Soksi nyeupe zikatoka waridi.

Alhamisi saa nne usiku nampigia mama.
Kwake ni saa kumi na moja, jua la Januari,
nyuma ya sauti yake watoto wanarukia maji.
"Unakula?"
Nakula.
"Wanawafundisha nini?"
Habari za vitu vilivyopotea.
"Basi waulize liko wapi sweta langu la kijani."
Lina tundu la sigara kwenye kiwiko: hiyo ni alama.
Simwambii kwamba nimelivaa.

Ijumaa mji mzima una haraka ya bibi harusi.
Wanaume wamekumbatia maua na samaki kwa mkono mmoja,
muuza zeituni anapima huku akifunga duka,
basi la mwisho linapita bila kutuonea aibu.
Kisha king'ora kirefu, kile kisicho cha hatari,
na barabara inabaki na paka.

Taa ya chumba cha kulia huachwa ikiwaka hadi kesho usiku,
swichi yake tumeibandika utepe.
Utepe ulikuwa umebanduka,
na mkono wangu una mazoea ya miaka kumi na minane.
Tak.
Mishumaa ilikuwa imeshakwisha.
Wasichana sita gizani, sahani zimejaa,
na hakuna mwenye ruhusa ya kuiwasha.
Tulicheka. Mtu akamwaga juisi ya zabibu.
Tukala kwa kupapasa, samaki juu ya keki,
kicheko kikachoka, kikakaa chini.
Ndipo Batya, bila kupiga meza, akasema,
"Mimi sijui kama naamini."

Friji likanguruma kidogo, likanyamaza.
Hakuna aliyemjibu.
Nilisikia mkate ukimegwa,
kipande kikanifikia mkononi, nikakipeleka mbele,
upande ilikotokea sauti.

Jumamosi, yenye mosi katika jina lake, kwetu ni ya saba.
Tulilala. Tulitembea hadi ukuta wa jiji na kurudi.
Nyota ya tatu ilipotoka tukawasha mshumaa wa kusuka,
karafuu zikapita pua kwa pua,
na neno lile halikutajwa na mtu.

Jumapili. Kiatu kimekauka.
"Tulikuwa wapi?" anauliza Batya.
Naweka kidole kwenye mstari.
"Kilichookotwa gizani," nasema, "kisicho na alama. Kinatangazwa?"
Ananitazama.
Anapenga kamasi, anakunja leso mara nne.
"Kina alama," anasema. "Soma."