Hapa Hapakai Hapa

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia,
kiyoyozi kikikohoa kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu,
ndipo nilipolea makro yangu ya kwanza.
Sikuiandika. Niliirekodi:
nikabofya, nikaburuta, nikanakili, nikabandika,
nayo ikinitazama kama mtoto anayejifunza kufunga kilemba
kwa kutazama mikono,
asiulize kichwa ni cha nani.

Miezi saba ilitii.
Kila tarehe ishirini na tano ilizichukua saa za watu
ikazigeuza rial na baisa,
tarakimu tatu baada ya nukta, haikupotea hata sifuri.
Nikajigamba kwa Binoy wa hesabu:
"Hii sasa inakwenda yenyewe."
Yenyewe!
Ilikuwa imenishika kidole.

Akapiga simu Shinuna wa ghala la Barka,
tende za Khalas zimetoka katoni ngapi?
Nikafungua laha yake, nikabofya seli moja,
nikamjibu, tukacheka kidogo, nikakata.
Nikaiendesha makro.
Ikaanza pale kidole kilipolala.

Katoni zikawa mishahara.
Mlinzi wa usiku alilipwa elfu moja na mia nne,
akaja kabla ya wote, kofia mkononi,
kuuliza ni nani anayemtegea mtego.
Jahangir, mpakiaji, alilipwa rial kumi na mbili.
Hakusema neno.
Alininyooshea simu yenye ujumbe wa benki
akabaki anatazama viatu vyangu.

Usiku huohuo, Maabela, tangi letu lilikauka.
Mama alimwelekeza dereva wa lori la maji:
"Kata kulia hapo penye gari jeupe."
Gari jeupe lilikuwa limekwenda harusini.
Galoni mia sita zikamiminika juu ya paa la jirani Mbalushi,
naye akamshukuru Mola bila kuuliza.
"Nilimwambia hapo!"
"Hapo wapi, Mama?"
"Si hapo!" akaonyesha ukuta wa jikoni.

Nikaacha sahani yangu.
Nilikuwa nimesikia makro yangu ikisema.

Jumamosi, ofisi tupu, nikaanza kung'oa.
Kila *chagua* niliing'oa.
Kila *iliyo wazi sasa*, kila *hii*, kila *hapo*.
Nikaviita vitu kama kitambulisho kinavyomwita mtu,
jina, bin, bin, kisha kabila:
kitabu cha Mishahara, laha ya Saa, safu ya Jumla,
kutoka mstari wa pili hadi wa mwisho wenye jina,
hata kama macho yangu yako kwingine,
hata kama nimefungua picha za harusi ya gari jeupe.
Na kabla haijagusa kitu, iulize:
laha ipo? kichwa cha safu ndicho?
Ikiwa sicho, isimame, iseme.
Isibahatishe riziki ya mtu.

Kisha nikaifanyia uhuni.
Nikafungua faili tano, nikabofya seli ya mbali kabisa,
kule ambako hajawahi kuishi mtu;
Binoy, nilimwita kwa biriani, akabofyabofya ovyo
makro ikiwa katikati ya kazi.
Ikapita kando yetu
kama mtu anayeijua nyumba aiendeayo.

Kwenye fremu ya skrini nimebandika kikaratasi:
*Usinambie ni hapa: hapa hapakai hapa.*
Binoy anadhani ni dua.

Rial mia thelathini na tatu za Jahangir
zilitoka kwenye sanduku la fedha ndogo, noti zilizochoka.
Alizihesabu mara mbili, haki yake.
Akashika kalamu, akauliza atie sahihi wapi.
Neno lilikuwa limeshafika ulimini.
Nikalimeza.
"Mstari wa kumi na saba," nikasema,
"penye jina lako."