Mikono ya Shigezo

Februari yote nilimchua Kinue magoti.
Theluji ilikuwa imefika kwenye kisanduku cha barua,
na yeye, aliyesimama miaka arobaini juu ya saruji yenye maji
akipasua chaza kwa kisu kifupi,
alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, kama mtoto.

Mafuta tuliyanunua wenyewe, dukani, karibu na sabuni.
Kitu kinachouzwa karibu na sabuni, nani atakiogopa?
Harufu yake iliingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye wali.
Nilikamua urefu wa kidole. Kisha kidole kingine.
Karatasi ilisema kiasi kidogo,
lakini nani ampendaye mtu kwa kiasi kidogo?
Nikamwingiza miguu chini ya ile meza yetu yenye hita,
nikashusha blanketi pande zote,
maana dawa ya moto, nilijiambia, ni moto.

Akaacha kuugua usiku. Nikajiona tabibu.

Kisha likaja doa, ukubwa wa sarafu, nyuma ya paja.
Jingine mkononi, pale nilipomshika kumwinua.
Rangi ya biringanya iliyolala sana.
Mswaki wake ukawa mwekundu.
Jumapili binti yetu Satsuki alifika kutoka Sendai,
akamwogesha mama yake,
akatoka bafuni asinitazame usoni.
Alinitazama mikono.

Niliificha chini ya meza.
Nilijua sikufanya kitu.
Nilikuwa nimefanya.

Miaka mitatu nyuma, moyo wa Kinue ulipoanza kudunda ovyo,
daktari alimpa kidonge cha kuzuia damu isigande,
akamkataza maharage ya soya yaliyochachuka,
yale yanayovutika nyuzi, kifungua kinywa chake tangu utotoni.
Aliyalilia, kweli kabisa, machozi. Kisha akatii.
Nilipoyala mimi, alitoka uani hadi nimalize.
Walimuuliza mboga. Walimuuliza pombe, chai, vidonge vya maumivu.
Kuna dawa nyingine unayomeza?
Hakuna, alijibu, na hakusema uongo:
nani amemeza mafuta ya kuchua?

Aliyegundua ni mfamasia, Bi Otsubo, kwa pua yake tu,
barakoa usoni, nilipokwenda kuchukua vidonge vya mwezi.
Koti langu linanuka, akasema. Nani anapaka nini?
Nikaweka tyubu mezani. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo
ambayo miwani yangu haijawahi kuyafikia.
Huyu ni ndugu wa aspirini, akasema.
Hupenya ngozi; kwenye joto hupenya mbio.
Akikutana na kile kidonge, damu husahau kusimama.
Mpeleke hospitali. Leo, si kesho.

Lakini ni mafuta tu, nikasema.
Ngozi si ukuta, Bwana Shigezo.
Alikuwa tayari ameshika simu.

Walimpima damu: nyepesi kama supu ya mgonjwa.
Siku sita kitandani, vidonge vikasimamishwa,
vikaanzishwa tena taratibu.
Nilimpigia Satsuki, nikamweleza kila kitu, hata vile vidole viwili.
Kimya.
"Baba," akasema. Kisha akauliza kama theluji imekoma.
Nikasema bado. Tuliongea juu ya theluji muda mrefu sana.

Maumivu yamerudi. Nisidanganye.
Daktari anatafuta njia nyingine, Kinue anashuka ngazi kinyumenyume,
na mapazia, yamefuliwa mara tatu, bado yananuka.

Lipo daftari dogo ambalo kila mgonjwa huku hubeba,
dawa zake zote zimeandikwa humo.
Nimeongeza kwa mkono wangu, herufi kubwa:
matone ya macho, plasta ya mgongo, chai ya shayiri,
hata sabuni, Bi Otsubo akacheka.
Satsuki alipokuja tena alilisoma lote, amesimama, koti mwilini.
Mstari wa mwisho alirudia kuusoma:
mikono ya mume, kila usiku, mitupu.